Hisa Ishirini na Tano Kuwa Moja

Niseme kabisa tangu mwanzo: sikutapeliwa. Najua hapa Kilwa Masoko wapo wanaosema niliingizwa mjini, kwamba mtu mzima mwenye cheti chake cha maabara alituma hela za mama yake kwa wale wa panda leo uvune kesho. Nikimsikia mtu analisema hilo dukani namgeukia hapohapo, sijali nani anasikia. Kampuni ipo. Ina majengo, ina madaktari, ina wanasheria, na kila baada ya miezi mitatu inatoa taarifa ndefu mpaka macho yanauma. Walichokifanya waliniandikia kwanza, wakaniomba kura yangu, na mimi kwa kidole changu mwenyewe nikawapa. Tapeli ningemlaani, roho ikapoa. Hawa hata sijui niwalaani kwa lipi.

Kazi yangu ni kupima damu. Nakaa kwenye chumba kidogo cha kituo cha afya, nachoma watu vidole, napaka tone kwenye kioo, naangalia kwenye hadubini. Mara nyingi ni malaria tu. Lakini zipo siku chembe za damu, ambazo zinatakiwa ziwe duara, zinakuja zimepinda na kuchongoka ncha, na kabla sijaandika kitu najua kwamba yule mama aliyekaa kwenye benchi nje na mtoto anayelia miguu atakuwa mgeni wetu miaka yote. Selimundu. Mdogo wangu alikufa nayo akiwa na miaka saba, kule kijijini kwetu Mitole, na hatukujua jina la kilichomuua mpaka nilipokwenda chuo nikaonyeshwa damu ya namna ile darasani. Nilitoka nikaenda kulia chooni.

Basi ndiyo maana. Siku moja nikiwa natafuta kwenye simu habari za matibabu mapya, nikaikuta hiyo kampuni ya ng'ambo. Ndogo, changa, wanasayansi wachache waliokuwa wakitafuta namna ya kuirekebisha damu kulekule inakotengenezwa, mtoto apone moja kwa moja. Nilisoma maelezo yao mara tatu na niliyaelewa, na hapo ndipo kiburi kiliponiingia. Nilijiona si kama wale wanaonunua vitu wasivyovijua. Mimi ugonjwa naujua, nauona kwa jicho langu kila wiki, nani wa kunidanganya? Dawa nilikuwa naijua kweli. Hisa sikuwa naijua hata kidogo, na sikujua kwamba siijui.

Hisa zao zilikuwa rahisi. Moja haikuzidi bei ya sahani ya wali kuku. Kuna programu ya simu inayokuwezesha kununua hisa za nje; unajiandikisha kwa kitambulisho, unatuma hela, kazi imekwisha. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza mbona kampuni ya kutibu ugonjwa mkubwa hivyo inauzwa bei ya wali kuku. Mimi nilifurahi kwamba nitapata nyingi.

Hela zilikuwa za mama, na zilikuwa za Hija. Alianza kuziweka mwaka aliofariki baba, msimu kwa msimu: ufuta ukiuzwa anaweka, korosho zikiuzwa anaweka, na kila akikaribia, gharama ya safari inapanda, anabaki palepale. Magoti yalikuwa yameanza kumkatalia. Akisujudu, kuinuka mpaka ashike ukuta. Hakuwa na ombi lingine duniani. Ukimpelekea kanga mpya anakuuliza umenunua bei gani, halafu anasema, "Si ungenipa hiyo hela niiweke kule."

Nilimfuata nyumbani nikamweleza. Nikamwambia hela imekaa tu, na kwa mwendo huu gharama itaendelea kumkimbia mpaka magoti yaishe kabisa. Nikamwambia aiache ifanye kazi mwaka mmoja, miwili. Alikuwa anapepeta ufuta uani, na mdogo wake, mama yangu mdogo, amekaa karibu yake anachagua mawe.

"Hao watu wanatengeneza nini?" mama akauliza. "Isije ikawa pombe."

"Dawa, mama."

"Dawa ya nini?"

Nikamwambia. Ungo ukasimama. Mama mdogo akainua macho akamtazama dada yake, kisha akayarudisha kwenye ufuta. Mama akauliza kama kuna riba ndani yake. Nikasema hakuna, ni ushirika, wakipata tunapata nao, wakikosa tunakosa nao. Akaenda mwenyewe kumuuliza shehe, na shehe akasema kama ni dawa, na kama faida na hasara ni za wote, haina neno. Wiki iliyofuata mama akanipa zote.

"Zikitibu hata mtoto mmoja," akasema, "nitakuwa nimeshapata changu kabla sijafika."

Nilinunua hisa elfu tatu. Jina langu, jasho lake.

Zilianza kushuka mwezi uleule. Sikuogopa, nilikuwa nimesoma kwamba kampuni za dawa huenda hivyo, zinakula hela miaka mingi kabla ya kuuza hata kidonge kimoja. Lakini zilishuka, zikashuka, mpaka hisa moja ikawa haifiki dola, kisha haifiki nusu dola. Mama alikuwa akinipigia kila Ijumaa baada ya swala. "Vipi shamba letu la Ulaya?" anauliza, anacheka. Nami najibu, "Linaendelea, mama." Nilimjibu hivyo mwaka mzima. Kila nikikata simu nakwenda kunywa maji, narudi kwenye vioo vyangu.

Ndipo ikaja ile barua ya kwenye barua pepe. Niliielewa baadaye, siku ambayo kuielewa hakukuwa na faida tena, lakini niieleze hapa. Soko la hisa la huko kwao halitaki kampuni ambayo hisa yake imekaa chini ya dola moja muda mrefu. Wanakupa onyo, wanakupa siku, ukishindwa wanakutoa. Kampuni ikitaka kubaki, na bei haitaki kupanda kwa njia ya halali ya kupanda, inaunganisha hisa. Wanasema: kila mwenye hisa ishirini na tano, sasa ana moja. Na hiyo moja inabeba bei ya zile ishirini na tano. Hakuna kilichoongezeka, hakuna kilichopungua. Ila ukiitazama bei peke yake, utadhani imepaa.

Hilo lilitakiwa lipigiwe kura na wanahisa, na mimi nilikuwa mwanahisa.

Sasa nieleze ujinga wangu ulikotoka, maana haukutoka chuoni. Kwetu kwenye mikutano ya ushirika wa korosho, hoja ikishaletwa na uongozi imeshapita. Mwenyekiti anasoma, anauliza, "Wanaoafiki?" Mikono inanyooka, watu wanataka kuwahi mashambani. Anayekataa anaonekana ana lake jambo. Baba alinyoosha mkono namna hiyo maisha yake yote, na mimi nikiwa mdogo nimekaa miguuni pake nilikuwa nanyoosha wangu pia, watu wanacheka. Basi nilipoifungua ile barua, na nje nina foleni ya wagonjwa, nikaona mahali pameandikwa kwamba bodi inapendekeza wanahisa wakubali. Nikabonyeza kukubali kwenye mistari yote. Sikusoma hata mmoja mpaka mwisho. Nilijisikia vizuri, wallahi, nilijisikia nimeshiriki kwenye mambo makubwa.

Zikapita wiki. Ikaja Jumanne moja. Soko lao huku kwetu linafunguliwa baada ya alasiri, na siku hiyo nilikuwa nimemaliza vioo vyangu, nasubiri muda wa kutoka. Nikaifungua ile programu kwa mazoea tu, kama mtu anavyogusa kidonda kuona bado kinauma.

Bei ilikuwa imepanda mara ishirini na tano. Chini yake hisa zangu elfu tatu zimekaa palepale, na chini yake tena jumla yake, tarakimu ambayo sijawahi kuiona kwenye kitu chochote chenye jina langu. Ilitosha kumpeleka mama Makka, na mama mdogo, na mimi mwenyewe, na tukarudi na chenji. Nilipiga ukelele. Nesi wa chumba cha pili akaja mbio akidhani nimejichoma sindano ya mgonjwa.

Nikajaribu kuuza palepale. Simu ikaniambia hisa hizi haziwezi kuuzwa kwa sasa. Nikasema huu mtandao wetu huu, lini utatuacha tuishi. Nikajaribu tena, ikakataa tena, na wala sikushtuka, maana furaha ilikuwa imenijaa mpaka kooni. Kumbe wenye programu walikuwa bado wanapanga hesabu. Bei mpya ilikuwa imeshaingia, idadi mpya ya hisa bado. Kwenye kioo cha simu yangu walikuwa wamechukua bei ya baada ya kuunganisha wakaizidisha kwa hisa za kabla ya kuunganisha, wakaniachia niitazame hivyo.

Nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Mama, unakwenda Makka. Imepanda. Imezidi hata tulivyoomba. Mwaka huuhuu unakwenda."

Nikamsikia anaitikia kama mahujaji, "Labbaika," mara ya pili, mara ya tatu, na nyuma yake nikamsikia mama mdogo anauliza kuna nini, kafa nani. Nimejaribu sana kukumbuka kama siku hiyo nilimwambia mama asubiri kwanza hela ziingie mkononi. Nimejitafuta kila mahali. Sikumwambia.

Kwetu mtu haendi Hija akiwa na haki za watu. Kabla hajafunga begi anapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, maana yule anayekwenda huenda asirudi, na akirudi anatakiwa arudi msafi. Watu wengi hufanya hivyo tiketi ikishapatikana. Mama yangu hakungoja tiketi. Alikuwa ameingoja safari hiyo miaka yote, alishaogopa kila kitu kinachoweza kuogopwa, na sasa binti yake mwenye elimu, anayefanya kazi serikalini, amempigia simu na kumwambia unakwenda. Jumatano asubuhi alioga, akavaa baibui, akashika fimbo yake, akaanza na nyumba ya mbali kabisa kijijini.

Alirudisha sufuria aliyoazima kwenye msiba. Aligawa kuku wake. Alisimama kwenye milango ya watu ambao aliwahi kugombana nao juu ya mbuzi kula mazao, juu ya maneno ya kisimani, akasema, "Nisamehe ninayoyajua na nisiyoyajua." Watu walilia naye. Walimpa majina ya wagonjwa wao awaombee. Bibi mmoja alimpa hela kidogo zilizofungwa kwenye pindo la kanga akamwambia zikatolewe sadaka kulekule. Na nyumba ya mwisho, aliyoiacha makusudi iwe ya mwisho, ilikuwa ya mdogo wake, hatua kumi kutoka kwake.

Mimi hayo yote sikuyajua. Jumatano mchana nilikuwa kazini nikipiga hesabu za mabegi.

Alhamisi, kabla sijafungua maabara, nikafungua simu. Hisa mia moja na ishirini.

Niliitazama ile namba. Nikaifunga programu, nikaifungua. Mia moja na ishirini. Bei ileile kubwa ya juzi, imepungua kidogo, na jumla yake ni ndogo kuliko hata ile niliyokuwa naificha mwaka mzima. Nikakaa chini sakafuni, mgongo kwenye jokofu la vitendanishi. Ndipo nikaitafuta ile barua. Nikaisoma yote, neno kwa neno, nikiwa nimekaa vilevile, na wagonjwa wananigongea mlango. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa. Ishirini na tano kuwa moja, tarehe yake, na hata onyo kwamba kampuni nyingi zikishafanya hivyo bei huendelea kushuka, na kwamba wataweza kutoa hisa mpya nyingi kutafuta hela, na sisi wa zamani tubaki na kipande kidogo zaidi cha kilekile. Waliandika. Nami niliafiki.

Nikaomba ruhusa, nikapanda bodaboda mpaka Mitole. Njia nzima nilikuwa nasema maneno ya kumwambia mama, na dereva akidhani naongea naye anageuka kuniuliza, "Unasemaje dada?" Nikamwambia ageukie mbele asituue. Kisha nikawaza kama angetuua ingekuwa heri kwangu. Astaghfirullah, niliwaza hivyo.

Nilimkuta mama amekaa kwenye mkeka barazani, na watu wamekuja kumpa mkono. Nilipoingia wakanipokea kwa vigelegele, mimi mtoto niliyempeleka mzazi Makka. Nikamwomba mama tuingie ndani. Nikafunga mlango. Kabla sijafungua kinywa akanishika mikono yote miwili. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia, lakini ulikuwa mwepesi, sijawahi kumwona vile.

"Nimemwambia," akasema.

"Umemwambia nani, mama?"

"Mdogo wangu. Nimemwambia lile."

Lile mimi sikulijua, na akanieleza. Zamani, kabla mimi sijazaliwa, alikuja mtu kutoka Miteja kumposa mama mdogo. Kijana wa watu, mwenye shamba lake, na mama mdogo alikuwa anamtaka. Wakati huo bibi yetu alikuwa amepooza, na mama alikuwa ameshaolewa ana mimba ya mtoto wa kwanza. Aliona mdogo wake akiondoka, mzigo wa kumwogesha na kumgeuza mgonjwa utabaki wake peke yake. Basi akamsubiri yule mtu njiani, akamwambia, "Mdogo wangu ameshachumbiwa, wazee wanaona haya tu kukwambia." Yule mtu akageuza, hakurudi tena. Mama mdogo alingoja. Alimuuguza bibi mpaka akamzika. Baadaye alikuja kuolewa mke wa tatu na mzee mmoja wa Kikole, hakupata mtoto, mzee akafa, akarudi kuishi karibu na dada yake. Sisi watoto alitubeba mgongoni wote, na yule mdogo wangu aliyekufa alifia kwenye mapaja yake. Maisha yake yote aliamini kwamba yule kijana alimdharau.

"Akasemaje?" nikauliza.

"Alilia sana. Halafu akaniambia, 'Unakwenda kwenye nyumba ya Mungu, dada, siwezi kukuzuia mlangoni. Nimekusamehe. Kaniombee.' Akanikumbatia. Mwanangu, nimebeba kitu hiki tangu wewe hujazaliwa. Sasa hata nikifia njiani sawa."

Nilikaa kitandani kwake. Nje watu wanacheka, vikombe vinagongana, kuna mtu anauliza kama sukari imetosha. Nikafikiria kunyamaza. Nilifikiria kweli, nikapiga hesabu ni wapi naweza kukopa, nani wa kumwendea, mshahara wangu ukatwe miaka mingapi. Haikufika hata karibu. Nikamwambia.

Hakuelewa. Nikamweleza tena, na mara ya tatu nikashika njia ya kwetu. "Mama, tuseme ulikuwa na visado ishirini na tano vya ufuta. Mtu akavimimina vyote kwenye gunia moja. Mimi nikaona bei ya gunia, nikadhani kila kisado chako kimekuwa gunia."

Akafikiri. "Lakini ufuta si uleule?"

"Uleule."

"Basi hawajaniibia."

"Hawajakuibia, mama."

"Sasa hela ya safari iko wapi?"

"Haipo. Ufuta ulikuwa umepungua siku nyingi. Kila Ijumaa ukiniuliza nilikuwa nakudanganya."

Akaniachia mikono. Hakunitukana, hakulia. Alikaa akitazama mlango uliofungwa, na sauti za watu nyuma yake, na nilimwona anazeeka pale mbele yangu. Kisha akasema tu, "Lahaula," akashika ukuta, akasimama, akafungua mlango, akawaambia watu wote waliokuwepo, "Safari haipo, binti yangu alikosea kusoma." Hakusema zaidi. Watu wakasema Mungu ndiye mpangaji, wakasema mwakani inshallah, wakaweka vikombe chini mmoja mmoja wakaaga. Mama mdogo alikuwa amesimama karibu na jiko, mwiko mkononi, ananitazama mimi, si dada yake.

"Haendi?" akaniuliza.

"Haendi, mama mdogo."

Akaweka mwiko juu ya sufuria. Akajifunga kanga vizuri kiunoni. "Nilimsamehe anayekwenda," akasema, taratibu, kama mtu anayesoma. "Huyu anayebaki sina habari naye." Akavuka ule uwanja hatua kumi, akaingia kwake, akafunga.

Kesho yake mama alishika tena fimbo akapita nyumba zote zilezile kusema kwamba haendi, na kurudisha yale majina ya wagonjwa na zile hela za pindo la kanga. Nilitaka kwenda naye, akanikataza. Nilimtazama toka barazani akienda na goti lake, nikatamani ardhi inimeze.

Hisa zilizobaki nilizishikilia. Msiniulize kwa nini, mtu aliyekwisha kuzama hushika chochote. Mwezi haukuisha kampuni ikatoa hisa mpya tele, kama ilivyokuwa imeandika, na bei ikashuka chini ya nusu. Baadaye wakatangaza wanasitisha ile dawa ya selimundu ili wabaki na kazi chache zisizo na gharama kubwa, wakasema ni kwa kulinda maslahi ya wanahisa. Mwanahisa ndiye mimi, jamani. Niliisoma habari hiyo asubuhi, na kioo cha kwanza nilichokiweka chini ya hadubini siku ileile kilikuwa na chembe zilizopinda. Nikaandika jibu, nikagonga muhuri, nikatoka kumwita mama wa mtoto.

Walipiga kura nyingine ya kuunganisha. Safari hii nilisoma kila neno, nikakataa. Ikapita vilevile, kura zangu mia moja na ishirini zitamzuia nani? Hamsini kuwa moja. Nikabaki na hisa mbili na kipande, na kipande wakanilipa kwa hela taslimu, haikutosha nusu kilo ya nyama.

Ninakwenda Mitole kila mwisho wa wiki. Mama hatoki sana sasa, magoti yamekufa. Mama mdogo yupo hatua kumi, wanaamka saa ileile, wanafagia nyua zao kwa wakati mmoja, na hakuna salamu. Kwetu hata mgeni usiyemjua unampa salamu. Mama alijaribu. Alimpelekea uji, kibakuli kikarudi na uji wake. Alimtuma shehe, shehe akajibiwa kwa heshima, akarudi mikono mitupu. Mama mdogo akinikuta mimi njiani ananiitikia marahaba, ananiuliza kazi, ananiuliza afya. Lakini jina la dada yake halimtoki kinywani.

Jumamosi iliyopita nilikuwa namkanda mama miguu kwa mafuta, mlango uko wazi. Mama mdogo akapita na ndoo kichwani, karibu kabisa, kanga yake ikagusa nguzo ya baraza letu. Mama akasema, "Asalaam aleikum." Yule akapita. Mimi nikashindwa kujizuia, nikaangua kilio, nikamwambia mama anisamehe, nitazilipa hela zake zote, hata ikinichukua mpaka nistaafu.

"Hela nilikusamehe siku ileile," akasema. "Mimi ndiye niliyekupa."

Akaifuata kwa macho ile ndoo mpaka ikaingia ndani.

"Zile tarakimu walizirekebisha siku gani?" akauliza.

"Alhamisi."

"Na wewe ulinipigia Jumanne."

"Ndiyo, mama."

Akaivuta kanga akafunika magoti.

"Siku mbili," akasema. "Ungenyamaza siku mbili tu, mwanangu, ningekufa nina mdogo wangu."